Hela ya Mpira Anaishika Nani?

Timu yenu ina jina zuri, ina jezi, ina kipa ambaye kijiji cha pili wanamwogopa. Sawa. Sasa jibu haya bila kumwangalia jirani: hela ya timu anaishika nani? Leo ipo shilingi ngapi? Na mara ya mwisho mlisomewa hesabu lini?

Kama umeyajibu yote matatu, hongera, mko wachache. Wengi wetu jibu letu ni hili: "Anashika kaka fulani, yule mwenye pikipiki." Kiasi gani? "Mh! Anajua mwenyewe."

Najua utasema, jamani, hili si jarida la afya? Mambo ya hela yametoka wapi? Ngoja nikueleze. Sisi tunaozunguka shuleni na vijijini kuzungumza na vijana kuhusu VVU, malaria na mimba za utotoni tunajua siri moja: ukitangaza semina, wanakuja kumi na wawili, tena sita wamefuata soda. Ukitangaza mechi, uwanja unajaa. Kwa hiyo timu ni darasa. Timu ikifa, darasa limekufa nalo. Na timu nyingi za vijana haziuawi na vipigo vya uwanjani. Zinauawa na hela iliyoliwa, au hela ambayo watu wanahisi imeliwa, maana hata tetesi tu inatosha. Kuna sababu ya pili, nzito zaidi ya hiyo, nayo inawahusu zaidi wasichana. Nitaifikia.

Ukiwa Masagati jambo hili linauma zaidi kuliko mjini. Kutoka huko juu uteremke hadi Mlimba, kisha uitafute Ifakara, ni safari ya kujipanga, na masika ikikolea barabara inaamua yenyewe kama utafika au hutafika. Wafadhili hawapiti hapo wakielekea kwingine. Hela ya timu ya Masagati ni jasho la vijana wenyewe: vibarua vya kuvuna mpunga, kupalilia, kubeba magunia, na buku moja moja kutoka kwa wazazi. Hela ya namna hiyo ikipotea hakuna ofisi Dar es Salaam itakayotuma nyingine.

MATHARE: USAFI KWANZA, MPIRA BAADAYE

Twende Kenya kidogo. Nairobi kuna mitaa inaitwa Mathare, ya vibanda vya mabati vilivyobanana, na miaka ile ya themanini taka zilikuwa zimerundikana hadi mitaro imeziba. Mtaro ukiziba unajua kinachofuata: mbu, kuhara, watoto kuugua. Mwaka 1987 kilianzishwa huko chama kinachoitwa Mathare Youth Sports Association, kwa kifupi MYSA. Aliyekianzisha pamoja na vijana wa hapo ni Bob Munro, raia wa Kanada, mshauri wa mambo ya mazingira na maendeleo aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, kama tunavyocheza chandimu sisi. Walitaka ligi, walitaka refa, walitaka mpira wa kweli.

Wakakubaliana jambo moja ambalo mpaka leo nalipenda kuliko vikombe vyao vyote: ukifanya kitu, chama kinakufanyia kitu, usipofanya, usitarajie. Timu ikitaka kucheza ligi, lazima ifanye usafi wa mtaa. Na siyo usafi wa kupigia picha. Usafi uliingia kwenye msimamo wa ligi! Timu iliyoshinda mechi ilipata pointi 3, na timu iliyokamilisha kazi yake ya usafi ilipata pointi 6. Hebu fikiri. Mnaweza kuwa na mshambuliaji hatari, lakini kama siku ya mitaro hamkuonekana, timu ya watoto wenye majembe inawapita kwenye msimamo.

Mwaka 1992, kwenye mkutano mkubwa wa dunia wa mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, Brazil, MYSA ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mazingira, Global 500. Mwaka huohuo wasichana nao wakaanza kucheza mpira ndani ya chama. Mwaka 1994 wakaanza kazi ya kuelimishana kuhusu UKIMWI, vijana kwa vijana, na mwaka huo ikazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United. Timu hiyo ilikuja kuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Kama unamkumbuka Dennis Oliech, yule mshambuliaji wa Kenya aliyechezea Auxerre ya Ufaransa, alipitia Mathare United. Chama kikakua hadi kuwa na wanachama zaidi ya 20,000.

Sasa, wanachama wote hao walikuwa wanaongozwa na nani? Wengi wakisikia jina la mgeni wanadhani mzungu alikaa na ufunguo mfukoni. Hapana. Mitaa iligawanywa katika kanda, na kila kanda ikawa na kamati iliyochaguliwa na vijana wenyewe kutoka kwenye timu. Kamati hizo ndizo zilizopanga ratiba, zikatafuta marefa, zikakagua usafi. Viongozi wengi walikuwa na umri wako wewe unayesoma, wengine wako kidato cha kwanza au cha pili.

Na walilipwa nini? Hapa ndipo pana akili. Kijana aliyejitolea, awe amefundisha watoto, amechezesha mechi au amesimamia usafi, aliandikiwa pointi. Waliokuwa na pointi nyingi walipata tuzo ya uongozi, nayo ilikuwa ni ada ya shule, na hela hiyo ilipelekwa moja kwa moja shuleni. Hakupewa mkononi. Unaona? Kiongozi alizawadiwa, shule ikalipwa, na hakuna noti iliyopita kwenye mfuko wa mtu ikapotelea njiani. Sisi huku tunamwambia kiongozi "jitolee tu, Mungu atakulipa", halafu tunashangaa anapojilipa mwenyewe.

Dar es Salaam nako kulikuwa na juhudi za namna hiyo: EMIMA, yaani Elimu, Michezo na Mazoezi, iliyoanza mwaka 2001, ilitumia vijana kuwafundisha wenzao michezo pamoja na elimu ya UKIMWI. Kwa hiyo usiseme haya ni ya Wakenya.

MCHANGO SIO HELA TU

Tuseme chama chenu kina vijana 30 na mmekubaliana kila mmoja atoe shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wanatoa 25. Mwezi wa pili 16. Wa tatu mnaanza kutazamana vibaya, na wale ambao nyumbani hali ni ngumu wanaacha kuja mazoezini kwa aibu. Umewapoteza kwa sababu ya buku!

Fanya kama Mathare: ruhusu kazi ihesabike. Siku moja ya kuvuna mpunga kwenye shamba la mtu ambaye atalipa chama ni mchango. Kufyeka uwanja ni mchango. Kufua jezi ni mchango, na tafadhali jezi zisifuliwe na wasichana peke yao kila wiki kana kwamba wamezaliwa na sabuni mkononi. Andika kazi hizo kwenye daftari, jina na tarehe, kama mnavyoandika hela.

Kuhusu wafadhili, pokea msaada, lakini usilale. Mwaka 2019 kampuni ya kubashiri ya SportPesa iliyumba na serikali ya Kenya kuhusu leseni, ikasitisha udhamini wake wa michezo nchini humo, ukiwemo wa ligi kuu. Timu kubwa, zenye mashabiki nchi nzima, zilianza kuhangaika na mishahara na nauli. Kama Gor Mahia inaweza kuyumba kwa sababu mdhamini mmoja ameondoka, timu ya kata yako itakuwaje diwani aliyewanunulia jezi akishindwa uchaguzi? (Na hilo la kampuni za kubashiri kudhamini mpira wa vijana mimi silipendi hata kidogo, lakini tuliache, lina makala yake.)

Mkiwa na miaka 18 na kuendelea na mmejiunga kikundi, kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko kuhusu vikundi hewa na marejesho, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii. Ila elewa kwamba mkopo ni kwa ajili ya shughuli ya kuzalisha, kama bustani au kufuga kuku. Usiende kukopa daluga.

DAFTARI LA MISTARI MIWILI

Kutunza hesabu hakuhitaji digrii. Niliyonayo mimi haikunifundisha hata siku moja kusoma daftari la fedha. Nilifundishwa na mama mmoja mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Chukua daftari gumu, usitumie la karatasi za kuchana. Piga mstari katikati. Kushoto hela iliyoingia, kulia iliyotoka. Kila siku ya tukio andika tarehe, kitu gani, nani, kiasi, halafu salio. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, weka saini pembeni. Mwenye kufuta kwa kalamu nyeupe ana la kuficha, au atashukiwa hivyo.

Mfano. Timu ya kutoka Masagati inateremka Mlimba kwa bonanza la siku moja. Tarakimu ni za mfano tu, nauli za kwenu mnazijua wenyewe. Zimeingia 25,000 za michango, 120,000 za kibarua cha kuvuna, na 40,000 kutoka kwa mwenye duka. Jumla 185,000. Zimetoka 100,000 za kukodi gari, 36,000 za chakula cha watu 18 kwa shilingi 2,000 kila mmoja, na 15,000 za maji ya kunywa, bandeji, spiriti na pedi. Jumla 151,000. Limebaki 34,000.

Sasa jioni mnarudi mmechoka, mnaimba, na mweka hazina anasema, "Jamani, imebaki elfu kumi." Nani atabisha? Aliyekuwa na hesabu kichwani ni yeye peke yake. Kesho yake anayebisha anaitwa mchonganishi. Lakini kama makadirio yalisomwa mbele ya wote kabla ya safari, hata mtoto wa kidato cha kwanza atauliza, "Kaka, elfu ishirini na nne imeenda wapi?" Na pengine ina jibu zuri! Pengine gari lilikwama matopeni mkalipa watu wa kusukuma. Vizuri, iandikwe.

Hapo ndipo watu wanasema, "Mama ntilie hana risiti, dereva hana risiti, nitaandika nini?" Kweli, kijijini risiti ni adimu. Dawa yake ni hati ya malipo mnayoitengeneza wenyewe: kipande cha karatasi kinachosema nimepokea shilingi kadhaa kutoka timu fulani kwa ajili ya wali sahani 18, tarehe, jina, saini au dole gumba, na shahidi mmoja ambaye siye mweka hazina. Ibanwe kwenye daftari. Dakika mbili tu. Mama ntilie hatakasirika, mueleze.

Na hela yenyewe ikae wapi? Ulishawahi kuona sanduku la hisa la vikundi vya akina mama? Lina makufuli matatu. Kila ufunguo unakaa kwa mtu wake, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Linafunguliwa mbele ya kikao tu, hela zinahesabiwa kwa sauti, na kila mwanachama anatakiwa kukumbuka salio kichwani. Utaratibu huo ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Kama waliuweza wasiojua kusoma, kidato cha tatu mtashindwaje?

Siku hizi wengi wanatumia simu. Tatizo ni kwamba hela ikiwa kwenye laini ya mtu mmoja, hiyo ni hela yake mpaka hapo atakapokubali kuwa si yake. Akiibiwa simu, akifariki, akigombana nanyi, mnafanya nini? Kuna huduma za simu za vikundi, mfano M-Koba, ambazo hela haitoki mpaka wenzake waidhinishe. Benki nayo ina akaunti za vikundi zenye watia saini zaidi ya mmoja. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hawezi kuwa mtia saini benki, na hapo ndipo mwalimu mlezi au mzazi anapohitajika. Mlezi awe mmoja wa watia saini. Asiwe benki yenyewe.

USIDHARAU DAFTARI LA KATIBU

Watu wanamlinda mweka hazina, wanamsahau katibu. Ni kosa. Juni 2017 rais na katibu mkuu wa wakati huo wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, walifikishwa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Mashtaka yalikuwa mengi, lakini moja lilihusu karatasi: muhtasari wa kikao cha kamati ya utendaji, ulioonyesha kwamba kamati imeamua kubadilisha mtia saini wa akaunti ya benki. Upande wa mashtaka ulisema muhtasari huo umeghushiwa. Desemba 2019 mahakama iliwakuta na hatia ya kughushi, ikawatoza faini.

Angalia vizuri lilipolengwa. Ni muhtasari. Maana benki haijui mlichoongea chini ya mwembe, inajua kilichoandikwa na kusainiwa. Anayeshika daftari la mihtasari anaweza kufungua akaunti au kuifunga. Kwa hiyo kila kikao kianze kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, wote wasikie, mbishane hapohapo kama kuna neno limeongezwa, kisha mwenyekiti na katibu wasaini. Inachosha, najua. Kuna siku nimesinzia. Lakini ndiyo kinga.

ANAYEPANGA SAFARI NDIYE MWENYE NGUVU

Sasa lile nililosema nitalifikia.

Mwenye kushika hela ya timu anashika pia orodha ya wanaosafiri, nauli, jezi, viatu, na wakati mwingine pedi. Msichana wa kidato cha pili anayetaka kwenda UMISSETA, ambaye nyumbani hawana nauli, akiambiwa na kocha au kiongozi, "Jina lako litaingia, lakini njoo tuongee nyumbani jioni", anajua anaambiwa nini. Na wavulana nao hutokewa na haya, tena wao wananyamaza zaidi.

Hiyo inaitwa rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimeitaja kuwa ni kosa: mtu kutumia nafasi yake ya mamlaka kudai ngono ili akupe haki, upendeleo au nafasi. Na kama uko chini ya miaka 18, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haijali kama ulisema ndiyo. Kwa mtu mzima kufanya ngono na mwanafunzi wa umri wako ni ubakaji. Usikubali kuambiwa "alijitakia".

Sheria ni nzuri, ila sheria iko mbali na Masagati saa moja usiku. Kilicho karibu ni utaratibu wa timu. Ndiyo maana nimeng'ang'ania daftari. Orodha ya safari ikipangwa na kamati ya watu watano, wasichana angalau wawili wakiwemo, ikabandikwa ubaoni wiki moja kabla pamoja na vigezo vyake, yaani mahudhurio, kazi za chama na kiwango cha mchezo, hakuna mtu mmoja mwenye kitu cha kuuza. Pedi zikinunuliwa kwa hela ya chama na kukaa kwenye sanduku la huduma ya kwanza, hakuna msichana atakayelazimika kuziomba kwa kaka mwenye pikipiki. Safari ya kulala nje iwe na mlezi wa kike, vyumba vitenganishwe, na kocha asiingie huko. Chandarua kiwemo kwenye bajeti pia. Bonde la Kilombero lina mbu wasiojali nani bingwa. Huku kwetu ndiko ule mradi wa vyandarua vyenye dawa wa miaka ya tisini, wa "Zuia Mbu", ulikoonyesha kwamba kulala ndani ya chandarua chenye dawa kunaokoa maisha ya watoto, kwa hiyo hatuna kisingizio.

Na kama tayari limetokea? Kwanza afya. Aliyebakwa awahi kituo cha afya au hospitali haraka iwezekanavyo, bila kusubiri kikao cha wazee cha kusuluhisha. Dawa za kujikinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kuna pia kinga ya mimba ya dharura na matibabu ya magonjwa ya ngono. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na mganga, kama inawezekana, kwa ajili ya ushahidi; lakini hata kama ameoga, aende. Kisha dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu 116 ni ya kuwasaidia watoto, na 113 ni ya TAKUKURU. Zote mbili ni bure kupiga. Ukiogopa kupiga peke yako, kaa na mtu unayemwamini, awe mwalimu, shangazi au muuguzi.

KUMTOA ALIYEZOEA KITI

Swali ninaloulizwa sana: "Dada, mwenyekiti wetu ana miaka 34, anaongoza chama cha vijana tangu tuko darasa la tano, tunamtoaje?" Mnacheka, lakini wapo tele.

Angalieni katiba yenu. Kama hamna katiba, hilo ndilo jibu: mnayo nafasi ya kuandika. Isiwe kitabu, kurasa tatu zinatosha. Waandike uongozi unakaa miaka mingapi, mtu anaruhusiwa vipindi vingapi, umri wa mwisho wa kugombea, wanachama wangapi wakisaini wanaweza kuitisha mkutano wa dharura, akidi ni nusu au theluthi mbili, na hesabu zinasomwa kila baada ya miezi mingapi. Muandike pia kwamba kabla ya uchaguzi mweka hazina anakabidhi daftari kwa wakaguzi wawili wasio viongozi, nao wanasoma walichokikuta. Uchaguzi uwe wa kura ya siri, kwa karatasi. Ukisema "wanaomtaka fulani wanyooshe mikono", nani atamnyima mkono mtu ambaye kesho ndiye anayepanga timu?

Chama cha michezo kinasajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mlango wa kuingilia ni ofisi ya afisa michezo wa halmashauri, kwenu ni Halmashauri ya Mlimba. Mtaulizwa katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na orodha ya wanachama, kwa hiyo msiteremke mikono mitupu mkapandishwa tena. Timu ya ndani ya shule haina haja ya kuhangaika na usajili huo, inatosha mkuu wa shule na mwalimu wa michezo waitambue, na daftari lenu likaguliwe nao mara moja kwa muhula.

Yule mwenyekiti wa miaka 34 msimtukane. Wengi wao ndio waliobeba timu wakati hakuna mtu. Mpeni kazi ya mlezi au kocha wa watoto, mumwandikie barua ya shukrani, mumwombe akabidhi vitu vyote mbele ya mkutano: jezi ngapi, mipira mingapi, nyavu, firimbi, muhuri na laini ya simu iliyokuwa ikipokea michango. Msisahau muhuri.